Mchoro Kwenye Ukuta wa Mpondwe

Jumatatu, 3 Februari

Nimefungua darasa la fizikia la Kasereka. Kufuli liligoma, kama kawaida yake. Ndani joto, harufu ya chaki na popo. Wanafunzi wa Senior Six waliingia kimya, kila mtu akakaa mahali pake, macho ubaoni.

Ubao haujafutwa tangu muhula uliopita. Mchoro wake uko palepale. Mistari miwili inapanda kutoka chini, inakaribiana, halafu inaachana. Katikati kuna mstari wa mawimbi unaoiunganisha. Elektroni mbili zinakutana, zinarushiana fotoni, kila moja inashika njia yake. Basi. Kurasa na kurasa za hesabu zimekaa ndani ya mistari mitatu. Mchoro huu hautoki kwenye mtihani. Aliwafundisha kwa sababu anaupenda.

Yeye huchora wakati ukienda juu. Mimi chuoni nilifundishwa kuuchora ukienda kulia, kama maandishi. Tumegombana juu ya hilo tangu tujuane. Halafu mwisho wa wimbi huweka kijikia, kama ndoana. Hakina maana yoyote kwenye fizikia. Ni mkono wake tu.

Nilishika dasta. Nikafuta zamu za usafi zilizoandikwa pembeni. Mchoro nikauacha. Nimefundisha kwenye nafasi iliyobaki.

Kasereka alivuka mpaka kuingia Kongo kabla ya Krismasi kwenda kumwona mama yake, kijijini upande wa Beni. Alisema Mwaka Mpya tutakuwa wote. Simu yake haipatikani. Wanaovuka wanasema minara kule imeharibiwa. Yuko kwa mama yake, amekwama, hana mtandao. Naandika hivyo ili kesho nisome.

Jumatano, 5 Februari

Shule yangu ya Kasese imeniazima huku Bwera mpaka arudi. Nalala kwenye nyumba yake ya shule. Hakuna aliyepinga. Wote wanajua mwaka huu angekuja kwetu kujitambulisha kama mchumba wangu. Mashati yake yananing'inia nyuma ya mlango.

Asubuhi, ukungu bado umeshika vilima, nilimsikia akipiga chafya uani. Ile yake, mbili zinazofuatana. Nikafungua mlango. Kuku wa jirani. Hakuna mtu.

Msimamizi wangu kapiga simu kutoka Kampala. Anataka sura ya tatu ya tasnifu. Nimekwama kwenye kitanzi: elektroni inatoa fotoni, kisha inaimeza yenyewe. Ukihesabu, jibu linakua bila mwisho. Kuna njia ya kulidhibiti, na Kasereka anaijua kuliko mimi. Tulikuwa tuifanye pamoja likizoni.

Namkasirikia. Nimesema.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa shuleni hakuna atakayejisumbua kukisoma. Baba alikuwa mwanajeshi, mimi nilikiokota kambini. Kasereka husema Kiswahili changu kinapiga saluti. Chake kinacheza rumba.

Ijumaa, 7 Februari

Niandike taratibu.

Leo siku ya soko Mpondwe, hapa mpakani. Nilienda kununua maharage. Nikakata nyuma ya vibanda vya vitenge ili nikwepe matope. Kuna ukuta wa ghala lililofungwa. Ukutani, kwa mkaa, mchoro.

Mistari miwili ikipanda. Wimbi katikati. Kijikia.

Nilisimama mpaka mama mmoja wa vitenge akaniuliza kama naumwa. Nikamuuliza nani kachora pale. Akatazama ukuta kama anauona mara ya kwanza. "Hii? Si ni ma-watoto tu."

Siyo watoto. Naujua mkono ule kama ninavyoijua sauti yake.

Maharage nimeyasahau sokoni.

Jumamosi, 8 Februari

Nimewauliza wanafunzi. Wote wamekana, na nawaamini. Wao huweka mishale kwenye kila mstari, maana wiki hii niliwakemea kwa kuisahau. Mchoro wa ukutani hauna mshale hata mmoja.

Mwalimu mkuu kaniita ofisini. Mwanamke mpole. Kaniambia nimekonda, niende Kasese nikapumzike. Nimekataa. Nikiondoka nani ataona?

Jumapili, 9 Februari

Misa sikuisikia. Nilikuwa najumlisha.

Kanuni ya michoro hii ni moja, na ni katili. Chembe ikiingia huku na kutokea kule, huruhusiwi kuchagua ilipita wapi katikati. Unachora kila njia inayowezekana, unajumlisha zote. Hata zile usizozipenda.

Basi. Yuko kwa mama yake. Yuko Bwera, anajificha, hawezi kuja nyumbani. Yuko gerezani. Amepata mwanamke Butembo. Ile ya mwisho siiandiki.

Jumanne, 11 Februari

Mwingine. Kwenye ukuta wa choo cha kanisa, karibu na barabara ya mpakani. Mkaa tena. Huu una mishale. Mstari wa kushoto mshale unapanda. Wa kulia unashuka.

Najua maana yake. Ningeweza kuifundisha usingizini. Mshale ukienda kinyume na wakati, hiyo si elektroni, ni kinyume chake, positroni. Mapacha wenye chaji tofauti. Hakuna zaidi ya hapo.

Lakini nilisimama pale juani na kitu kimoja tu kichwani: anarudi. Anageuza njia, anarudi.

Nina shahada ya fizikia. Nimelia kwenye ukuta wa choo.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemjibu.

Baada ya vipindi nilienda kwenye ukuta wa choo cha kanisa na kipande cha chaki. Chini ya mchoro wake nikachora wangu, wakati ukienda kulia, ili ajue ni mimi. Ni ugomvi wetu, hakuna mwingine anayeujua. Askari mmoja alipita na bunduki begani. "Wewe, mwalimu, unaharibu kuta?" Nikasema, ndiyo, afande. Akacheka, akaenda zake.

Naona aibu. Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu Desemba.

Ijumaa, 14 Februari

Amejibu. Chini ya wangu, mwingine. Mkaa. Unapanda juu. Kijikia.

Nimecheka kwa sauti.

Jumapili, 16 Februari

Kwa nini haji? Nyumba yake anaijua. Ufunguo anao.

Leo mchana, jua kali, hakuna upepo, mashati nyuma ya mlango yalisogea. Nilikuwa nimekaa kitandani nayatazama. Nikasema jina lake. Mashati yakatulia.

Sijamwambia mtu. Soko la Jumanne nitakaa pale mpaka nimwone.

Jumanne, 18 Februari

Si yeye.

Nilifika asubuhi, nikakaa kwenye kreti la soda mkabala na ukuta ule wa choo, mwavuli usoni kama mtu anayesubiri gari. Watu walipita na matenga, na mbuzi, na magodoro kichwani. Wengine wamevuka leo hii, unawajua kwa macho. Jua likapanda. Kisha msichana mwembamba wa kitenge cha kijani akaja mbele ya ukuta, akatazama kulia na kushoto, akatoa kipande cha mkaa kutoka kwenye pindo la nguo.

Nilimshika mkono kabla hajagusa ukuta. Kwa nguvu, nadhani nilimuumiza. Nikamuuliza nani kamtuma.

Alinitazama sana. Kisha akasema polepole, "Weye ni Masika?"

Ni Kavira. Dada mdogo wa Kasereka, niliyemjua kwenye picha ya komunyo tu. Ana paji la uso lake.

Nikasema, yuko wapi, nipeleke. Akasema wakati uleule, "Kaka yangu iko wapi?"

Tulisema pamoja.

"Sisi tulizani iko na weye," akasema, akiniita yaya, dada mkubwa. "Kwetu hakufika, yaya. Noeli tulimungoja. Hakufika."

Tulikaa chini, pale pale kwenye matope. Alinieleza. Pikipiki iliyombeba Kasereka ilionekana pembeni ya barabara, kabla ya kufika kwao. Haijaungua, haijavunjika. Watu hakuna. Wa nyumbani wakajifariji: ameona hatari, ameshuka, amerudi Uganda kwa miguu kupitia msituni. Yuko na Masika. Wakakaa na hilo. Kisha watu wenye bunduki wakafika kijijini, nyumba ikachomwa, na mama na binti wakakimbia kumfuata huku.

Nilimuuliza kwa nini hakuja shule moja kwa moja, kwa nini hakuuliza jina tu.

"Jina ndiyo watu ya bunduki walikuwa naiuliza ku bariere, kwenye wanafunga njia. Mwalimu Kasereka, mwalimu Kasereka, iko wapi; juu ya nini, sijue. Na bale batu banavuka kama sisi, yaya. Hata hapa bako. Niliogopa kuitaja. Nikasema nitaandika kitu yenye mutu wake peke atajua."

Mchoro huo aliuchora Kasereka kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama yake, mwaka aliotoka chuo kikuu. Kila walipopaka chokaa, mama alikataza sehemu ile isiguswe. Kavira amekua nao. Hajui ni nini. Kwao ni alama ya kaka.

Nikamuuliza kuhusu mshale unaoshuka.

"Mushale? Niliona weye hauji, nikaongeza kitu. Niliweka tu."

Aliweka tu.

Jumatano, 19 Februari

Sikufundisha.

Sisi tulisema yuko kwao. Wao walisema yuko kwetu. Pande zote mbili tulikuwa tunamlinda mtu ambaye hayupo upande wowote.

Ile njia niliyokataa kuiandika. Nimeichora.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeonana na mama yake. Wamehifadhiwa kwenye chumba nyuma ya kanisa, na familia nyingine. Ana umbo dogo kuliko nilivyofikiri. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaninusa kichwani kama mtoto mchanga. Hali chakula. Kavira anasema anakunywa chai tu, na hata hiyo kwa kulazimishwa.

Aliongea nami kwa upole. Anataka tumzike. Mgomba. Kwao na kwetu desturi ni moja: mtu akipotea bila mwili, unakata shina la mgomba, unalivika, unalizika kwa jina lake.

"Mutoto yangu anatembea-tembea," akasema. "Kila siku anafika ku mulango, hana fasi ya kuingia. Tumupe fasi."

Niliondoa mikono yake usoni kwangu. Nikasema hajafa. Nikasema, ukimzika, wewe ndiye utakayemuua.

Kavira aliweka kikombe chini taratibu. Nikaondoka.

Ni maneno mabaya kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu.

Jumamosi, 22 Februari

Sijaenda kuomba radhi. Nafanya hesabu.

Nimelifuata jibu la kitanzi mpaka ukurasa wa mwisho. Bado linakua bila mwisho. Kwenye mchoro kitu kinatoka na kurudi kilipotoka, kidogo tu, kama pete. Kwenye hesabu kinakula kila kitu.

Nimepiga namba yake tena. Ile sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, kwa Kifaransa: haipatikani. Nimeisikiliza mpaka mwisho. Nimepiga tena.

Jumanne, 25 Februari

Wakati wa kipindi nilisikia chaki ikiandika ubaoni nyuma yangu. Nikageuka. Wanafunzi nao wakageuka kutazama ninachotazama. Msichana wa mbele akaanza kulia, hakujua kwa nini.

Nawatisha. Nimejitisha.

Alhamisi, 27 Februari

Mama yake Kasereka alikuja shuleni. Alitembea kutoka kanisani akimshika Kavira bega, kilima chote kile, tumbo tupu. Wanafunzi walikuwa wamekwenda kula. Nilimkuta amekaa dawati la kwanza, miguu haifiki chini, anatazama ubao.

"Huu mukono," akasema.

Aliinuka akaenda kuushika. Kidole juu ya mstari mmoja, kisha wa pili, kutoka chini kwenda juu, bila kukosea, kama mtu anayefuata njia ya kwenda shambani. Alipofika kwenye wimbi aliweka kiganja chote. Akakaa hivyo. Alipokitoa, wimbi lilikuwa limefutika nusu. Chaki ilikuwa mkononi mwake.

Nikapiga magoti. Nikamwomba radhi kwa Lhukonzo, lugha ya nyumbani, kwa sababu Kiswahili changu hakijui kuomba radhi.

Akasema hana neno nami. Kisha akasema kitu ambacho nitakaa nacho. "Nimechoka kufungua mulango, mutoto yangu."

Sikuwa nimemwambia mtu kuhusu chafya. Wala mashati. Wala ni mara ngapi nimefungua ule mlango wa uani nikakuta kuku.

Nikasema, tumpe nafasi. Akanirekebisha. Fasi.

Ijumaa, 28 Februari

Nimempigia baba simu, nyumbani Kyondo. Niliogopa. Kasereka hajaletwa nyumbani rasmi, hakuna mbuzi wa mahari aliyefika, na mtu hazikwi kwenye shamba la ukoo kwa sababu binti analia.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mama yake yuko?"

Nikasema yuko.

"Mlete. Kesho mapema. Nitaonyesha vijana pa kuchimba."

Nikaanza kueleza tena kwamba hakuwa bado mkwe.

"Masika. Ni mkwe wangu. Kwisha."

Jumapili, 2 Machi

Tumemzika jana.

Kyondo mvua ilinyesha alfajiri, udongo ukawa mzito. Baba alichagua mahali juu ya mibuni, panapoonekana milima ya upande wa pili. Jirani mmoja alimnong'oneza, Afande, wageni kwenye ardhi ya wazee? Baba alivua koti, akaingia shimoni, akachimba mwenyewe sehemu ya mwisho.

Mgomba aliukata Kavira. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Ulikuwa unatoa maji. Tulipoubeba maji yalinilowesha kifua, na nikafikiri, bila kutaka, uzito wake ungekuwa huu. Nilileta koti lake jeupe la maabara. Mama alilifunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni, ambacho Kasereka hakuwahi kukifunga.

Katekista alisoma sala. Alipofika kwenye jina alisita, akanitazama. Nikalitaja mimi. Kwa sauti. Kasereka. Kavira alishtuka, akatazama nyuma. Kisha naye akalitaja. Mama akalitaja. Hakuna kilichotokea. Upepo kwenye mibuni tu.

Kwenye msalaba wa mbao mama alitaka ile alama. Kavira alinipa mkaa. Nilichora nikiwa nimechuchumaa kwenye matope. Wakati ukienda juu. Nilichora kwa mkono wake, kijikia na yote. Ugomvi ameshinda yeye.

Sikulia wakati wa kufukia. Nililia baadaye, jikoni, shangazi yangu aliponiuliza kama mjane anakunywa chai yenye maziwa. Hakuna aliyewahi kuniita mke. Nimeanzia kwenye mjane.

Sijui kama amekufa. Niandike hilo waziwazi, maana hakuna mtu mwingine nitakayemwambia. Kama yuko hai mahali fulani, na anisamehe. Nimemzika kwa sababu mama yake amechoka.

Jumatatu, 3 Machi

Tumerudi Bwera. Mama na Kavira wamehamia hapa nyumbani. Mwalimu mkuu karuhusu, kaleta na godoro. Mashati nimempa Kavira akayashone yawe blauzi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Nimemwandikia msimamizi. Nimemwomba muda.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua mchana kutwa. Vipindi viwili, mawimbi kwenye kamba. Wanafunzi walifunga kamba ya katani kwenye dirisha, wakaitikisa mpaka ikakatika. Walicheka. Niliwaacha wacheke.

Nimepika sombe, mboga ya majani ya muhogo, na ugali wa muhogo. Kavira yuko kwa jirani anashona blauzi. Tumekaa wawili, mama na mimi, mlango wazi, tunatazama mvua.

Alimega tonge dogo, la kwanza tangu nimjue. Akachovya. Akatafuna kwa muda mrefu, uso umekunjamana. Nikaogopa atalitema.

"Masika," akasema. "Hii sombe haina munyu."

Nikainuka nikaenda kuleta chumvi.